Mtoto wa Nyumba ya Mshona Viatu: Mambo Yasiyojulikana Sana Juu ya Bwana Lloyd George

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na mmoja wa wafasiri wa Serikali. Tumeipiga chapa nzima kwa kuwa wengi waliohudhuria waliomba kuisoma.)

Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya mtu mmoja mashuhuri wa Ulaya, nami nimechagua habari za David Lloyd George, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza tangu tarehe 7 Desemba 1916 mpaka Oktoba 1922. Wengi wenu mmelisoma jina lake katika vitabu vya historia. Ndiye aliyeongoza Uingereza katika nusu ya pili ya Vita Kuu ya Kwanza, naye ni mmoja wa wakubwa walioketi Paris mwaka 1919 kufanya mapatano ya amani. Hayo sitayakariri. Nataka kueleza mambo ambayo vitabu vya shule huyapita mbiombio, kwa maana naona hayo ndiyo yenye faida kwetu.

Jambo la kwanza ni hili. Katika mawaziri wakuu wote wa Uingereza, ni huyu mmoja tu ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya nyumbani. Yeye alikuwa Mwelisi, na lugha aliyonyonya pamoja na maziwa ya mama yake ilikuwa Kiwelisi, lugha ya zamani sana isiyofanana na Kiingereza hata kidogo. Kiingereza alifundishwa shuleni, kama nilivyofundishwa mimi, na kama mlivyofundishwa ninyi.

Kazi yangu ni kufasiri. Kila siku huchukua maneno yaliyotungwa kwa lugha moja nikayavika nguo za lugha nyingine, na mara nyingi hujiuliza kama mtu anayeishi kwa lugha mbili ana utajiri mara mbili, au ni mgeni katika nyumba zote mbili. Ndiyo sababu habari za mtu huyu zilinivuta.

MTOTO ALIYEFIWA NA BABA

Kwanza niondoe kosa moja. Watu hudhani kwamba alizaliwa Welisi. Sivyo. Alizaliwa Uingereza kwenyewe, katika mji wa Manchester, tarehe 17 Januari 1863. Baba yake, William George, alikuwa mwalimu wa shule. Afya yake ilikuwa mbovu, akaiacha kazi hiyo akarudi kwao Welisi kulima shamba dogo. Hakukaa sana. Mwezi wa Juni 1864 alishikwa na ugonjwa wa mapafu akafariki, na David hajatimiza hata mwaka mmoja na nusu.

Mama yake, Elizabeth, aliachwa na watoto wawili wadogo na mimba ya mtoto wa tatu. Alimpelekea kaka yake simu fupi mno ya kumwita. Huyo kaka, Richard Lloyd, alikuwa mshona viatu katika kijiji cha Llanystumdwy, kaskazini ya Welisi. Aliziacha kalibu zake na ngozi zake, akasafiri, akamchukua dada yake na watoto wote akawaleta nyumbani kwake.

Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu wa baba na kwa ndugu wa mama, lakini sisi tunalo neno letu. Richard Lloyd alikuwa mjomba kwa maana yetu kamili. Hakuoa maisha yake yote. Aliishi na mama yake mzee katika nyumba ndogo ya mawe, karakana yake ubavuni. Na siku ya Jumapili alihubiri katika kanisa dogo la madhehebu yake, bila kupokea mshahara hata senti moja. Karakana hiyo ilikuwa kama baraza la kijiji. Wanaume walikuja na viatu vyao vilivyotoboka, wakakaa kubishana juu ya dini, juu ya kodi za mashamba, na juu ya mambo ya Serikali. Mtoto David alikaa pembeni akisikiliza, na mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiwelisi.

Alimpenda mjomba huyu hata akalichukua jina lake. Baba yake alikuwa George tu. Hilo neno Lloyd ni jina la ukoo wa mshona viatu.

SHULE YA LUGHA YA KIGENI

Shule ya kijiji ilikuwa mali ya Kanisa la Kiingereza, na masomo yalifundishwa kwa Kiingereza. Watoto wengi walitoka katika nyumba za madhehebu mengine, walakini walilazimishwa kukariri imani na maagizo ya Kanisa hilo mbele ya wakubwa waliokuja kukagua. Siku moja David aliwashawishi wenzake wote wanyamaze. Wakubwa walipofika, mwalimu akauliza, darasa likawa kimya kama kaburi. Akauliza tena, kimya. Mwishowe mdogo wake David, jina lake William, alimwonea huruma mwalimu wake, akaanza kukariri, na wengine wakamfuata. Hivyo mgomo wa kwanza wa Bwana Lloyd George ulivunjwa na ndugu yake mwenyewe.

Ili mwelewe ukali wa mambo ya siku zile, yafaa niwaambie habari ya kibao. Katika shule nyingi za Welisi za karne ile palikuwa na kipande cha ubao chenye herufi mbili zilizochongwa, maana yake kwamba Kiwelisi kimekatazwa. Mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya mama yake alivikwa kibao hicho shingoni. Naye akimsikia mwenzake akisema Kiwelisi, alimvika yeye. Kibao kilizunguka hivyo mchana kutwa, na jioni aliyekutwa nacho ndiye aliyechapwa. Nayaona baadhi ya macho hapa ukumbini yakicheka. Desturi hii ilijulikana pia katika shule nyingi za Kenya, na sina haja ya kuieleza zaidi.

Kibao hicho hakikuwa mchezo wa walimu wakali tu. Mwaka 1847 wakaguzi watatu waliotumwa na Serikali walitoa taarifa kubwa juu ya elimu ya Welisi, wakaandika kwamba lugha ya Wawelisi ni kizuizi cha maendeleo yao na cha tabia njema. Wakaguzi wote watatu walikuwa Waingereza wasiojua Kiwelisi. Nchi nzima ikahukumiwa na watu wasioweza kuisikia ikisema.

MJOMBA ALIYERUDI KUSOMA

Mwalimu na jamaa waliona kwamba kijana ana akili, wakakusudia awe wakili. Palikuwa na mtihani wa kuingia katika kazi hiyo, na mtihani ulidai Kilatini na Kifaransa. Nani angemfundisha Kifaransa katika kijiji kile?

Basi mshona viatu, mtu mzima aliyekwisha pita miaka arobaini, alinunua kamusi na kitabu cha sarufi. Usiku, baada ya kuweka nyundo chini, alijifunza kurasa chache za Kifaransa na za Kilatini, kisha akamfundisha mpwa wake yale aliyoyapata. Mwalimu na mwanafunzi walikwenda sambamba, mmoja ametangulia kwa hatua moja tu. Mwaka 1877 David, mwenye umri wa miaka 14, alifaulu mtihani huo.

Mabibi na Mabwana, nimesoma habari za wakubwa wengi, lakini sijui picha inayonigusa kuliko hii. Mjomba yule hakuwa na fedha za kumpa mpwa wake shule ya fahari. Alichokuwa nacho ni macho yake na usiku wake, akavitoa vyote viwili.

Mwaka 1884 David alipata cheti cha uwakili, na mwaka uliofuata akafungua ofisi yake katika mji mdogo wa Criccieth. Hapo ndipo lugha yake ya mama ilipoanza kuwa silaha. Sheria ya zamani iliagiza kwamba lugha ya mahakama za Welisi ni Kiingereza, hata kama mshitakiwa, mashahidi na wazee wa baraza wote ni Wawelisi. Maskini alihojiwa kwa lugha asiyoijua, akajibu kwa kinywa cha mkalimani. Wakili anayezielewa lugha zote mbili, anayesikia neno linapopotea njiani baina ya kinywa na kinywa, alikuwa na thamani kubwa kwa watu wa vijijini.

KABURI LA MCHIMBA MAWE

Jina lake lilianza kuvuma mwaka 1888, kwa ajili ya kaburi. Katika kijiji cha Llanfrothen mzee mmoja, mchimba mawe, alikufa akiwa ameusia azikwe ubavuni mwa binti yake katika uwanja wa kanisa. Tangu mwaka 1880 sheria iliruhusu watu wa madhehebu mengine kuzikwa katika viwanja hivyo kwa ibada yao wenyewe. Lakini kasisi wa mahali pale alikataa. Alisema ardhi ile ilitolewa kwa sharti kwamba ibada iwe ya Kanisa la Kiingereza tu, akawaonyesha wafiwa mahali pengine, pembeni, panapozikwa wageni wasiojulikana na watu waliojiua.

Jamaa walikwenda kwa wakili kijana wa Criccieth. Alizichungua hati, akaona kwamba haki ni yao. Akawashauri waende makaburini, na wakikuta lango limefungwa walivunje. Wakaenda, wakavunja, wakamzika baba yao kando ya binti yake.

Kasisi aliwashitaki. Wazee wa baraza walitoa uamuzi kwa faida ya wafiwa, lakini hakimu aliuandika vingine, akampa kasisi ushindi. Lloyd George hakukata tamaa. Aliipeleka kesi London mbele ya majaji wakuu, na Desemba 1888 wafiwa wakashinda. Welisi yote ikauliza, ni nani huyu?

Mwaka 1890 kiti cha Bunge cha Caernarfon kilikuwa wazi. Lloyd George, mwenye umri wa miaka 27, alisimama kukigombea. Mpinzani wake alikuwa bwana mkubwa wa kijiji cha Llanystumdwy, ndiye yule mwenye ardhi ambaye watoto wa shule, David akiwa mmoja wao, walizoea kumwamkia njiani. Kura zilihesabiwa, zikahesabiwa tena. Mwenye ardhi alipata 1,945, na mtoto wa nyumba ya mshona viatu 1,963. Tofauti ilikuwa kura 18. Kiti hicho alikishika kwa karibu miaka 55, mpaka mwaka wa kufa kwake.

Hapa nataka kumkumbuka mtu mmoja ambaye historia humsahau. Siku zile wabunge hawakulipwa mshahara. Aliyebaki Criccieth kuiendesha ofisi ya uwakili na kumpelekea David fedha za kula London ni yule yule mdogo wake William, aliyeuvunja mgomo wa shuleni. David alimwandikia barua karibu kila siku, akijua kwamba mjomba atazisoma. Mwaka 1911 wabunge walianza kulipwa £400 kwa mwaka, na aliyeipeleka hoja hiyo Bungeni alikuwa David mwenyewe. William aliishi mpaka mwaka 1967, akafa akiwa na umri wa miaka 101.

SHILINGI TANO KWA JUMA

Mwaka 1908 Lloyd George alifanywa Waziri wa Fedha. Mwaka huo huo ilipita sheria ya malipo ya uzeeni, na tarehe 1 Januari 1909 wazee maskini waliotimiza umri wa miaka 70 walikwenda posta kupokea malipo yao ya kwanza, yaliyofika shilingi tano kwa juma. Kabla ya hapo mzee asiye na mtu wa kumtunza alikuwa na njia moja tu, kuingia nyumba ya maskini, ambamo mume na mke walitenganishwa na heshima ya mtu ilibaki mlangoni. Sheria hiyo ilianza kutungwa na Waziri wa Fedha aliyemtangulia, naye Lloyd George akaipitisha Bungeni. Lakini wazee wengi hawakujua mambo ya Bunge. Walijua jina moja tu, wakaziita zile shilingi kwa jina lake.

Kisha alifunga safari ya Ujerumani mwaka 1908 kutazama jinsi Wajerumani walivyowawekea wafanyakazi akiba ya ugonjwa. Hakuona haya kujifunza kwa watu ambao nchi yake iliwahesabu kuwa washindani. Mwaka 1911 alileta sheria ya bima ya Taifa. Mfanya kazi alitoa peni nne kila juma, tajiri wake akatoa peni tatu, na Serikali ikatoa mbili. Mwanamume akiugua alipata shilingi kumi kwa juma kwa muda wa majuma 13 ya kwanza, na daktari bila malipo.

Msidhani kwamba watu wote walifurahi. Malipo yalifanywa kwa stempu maalum zilizobandikwa katika kadi, na matajiri waliokuwa na watumishi wa nyumbani walikasirika. Novemba 1911 mabibi wa nyumba kubwa walijaa katika ukumbi wa Albert huko London kutangaza kwamba hawatakubali kamwe kulamba stempu kwa ajili ya watumishi wao. Sheria ilipita, nazo stempu zikalambwa.

Fedha za mambo hayo zilitoka wapi? Katika hesabu ya mwaka 1909 alizidisha kodi juu ya mapato makubwa, akaweka kodi juu ya ardhi. Hotuba yake ya kuieleza hesabu hiyo ilichukua zaidi ya saa nne, na sauti ikamkauka katikati hata ikabidi apumzike. Baraza la Malodi, ambalo wengi wao walikuwa wenye mashamba makubwa, liliikataa. Palitokea ugomvi ulioleta chaguzi mbili katika mwaka 1910, na mwishowe sheria ya 1911 iliwanyang'anya Malodi uwezo wa kuizuia hesabu ya fedha iliyopitishwa na wateule wa watu.

KIWELISI KATIKA NYUMBA YA WAZIRI MKUU

Waingereza walimpa jina la utani, Mchawi wa Welisi. Kwetu neno hilo ni tusi, nami ningelikuta katika kazi yangu ningesita kabla ya kuliandika. Wao walitaka kusema kwamba maneno yake yaliwafunga watu kama kwa hirizi. Aliupata ufundi huo katika Kiwelisi, kwa wahubiri wa kwao na kwa wabishi wa karakanani, kisha akauhamisha katika Kiingereza.

Lakini hakuiacha ile lugha ya kwanza. Mkewe, Margaret, binti wa mkulima wa Criccieth, hakukubali watoto wake wawe Waingereza. Nyumbani walisema Kiwelisi. Alipokuwa Waziri Mkuu aliweka Wawelisi miongoni mwa makarani wake wa karibu na watumishi wake wa nyumbani, hata nyumba ile maarufu ya nambari 10 katika Downing Street ikawa na jiko la Kiwelisi. Binti yake mdogo, Megan, mwaka 1929 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mbunge kutoka Welisi.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mfasiri angependa kukijua. Mwezi wa Julai 1921 alikutana na Bwana de Valera, kiongozi wa Waayalandi waliokuwa wakipigania uhuru wao. De Valera alitaka jamhuri. Lloyd George akamwuliza jina hilo kwa lugha ya Kiayalandi, na Mwayalandi akataja neno ambalo, likifasiriwa sawasawa, maana yake ni Dola Huru. Hapo Lloyd George akageuka akazungumza kwa Kiwelisi na mwandishi wake, Thomas Jones, juu ya neno la jamhuri katika lugha yao wenyewe, akarudi akasema kwamba Wawelisi hawana neno kama hilo. Maana ya kusema hivyo ilikuwa kwamba kitu kisicho na jina katika lugha za wazee wetu si lazima kigombaniwe. De Valera hakukubali. Hata hivyo, mapatano yalipotiwa sahihi tarehe 6 Desemba 1921, nchi mpya ya Waayalandi iliitwa Dola Huru.

Na mjomba je? Richard Lloyd aliishi kumwona mtoto aliyemfundisha Kifaransa cha usiku akiwa Waziri Mkuu. Alifariki Februari 1917, miezi mitatu haijatimia.

MAMBO YASIYOFAA KUFICHWA

Mabibi na Mabwana, ningeishia hapa mngekwenda nyumbani na hadithi tamu, lakini ningekuwa nimefasiri nusu ya barua.

Mtu huyu katika ujana wake alikuwa jasiri wa kuwatetea wadogo. Wakati wa vita vya Makaburu alisema waziwazi kwamba si haki taifa kubwa kuyaponda mataifa madogo. Kwa sababu hiyo, Desemba 1901, umati wenye hasira uliuzingira ukumbi aliokuwa akihutubia katika mji wa Birmingham, ukavunja madirisha, naye akaokoka kwa kuvaa sare ya polisi na kutoka katikati ya polisi wenyewe. Tena Septemba 1914, vita vilipoanza, alihutubia London akayasifu mataifa madogo ya dunia na mambo makuu waliyoletewa wanadamu na mataifa hayo.

Walakini alipokuwa na uwezo wote mkononi, Ayalandi ilionaje? Mwaka 1920 serikali yake ilipeleka huko askari wa zamani kuongeza nguvu za polisi, nao wakachoma nyumba na kuua watu wasio na silaha. Yale mapatano ya 1921 yalikuja baada ya damu nyingi.

Na Kenya ilionaje? Katika vita vya Afrika ya Mashariki makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Jina la kikosi chao limebaki Kariakor katika Nairobi na Kariakoo katika Dar es Salaam. Vita vilipokwisha, mwaka 1919 ulitengenezwa mpango wa kuwagawia mashamba ya Kenya askari wa Kizungu waliotoka vitani. Wapagazi hawakugawiwa kitu. Mwezi wa Julai 1920 nchi ikafanywa koloni. Katika miaka hiyo hiyo wanaume Waafrika walianza kuandikishwa na kupewa kipande, kilichotiwa katika kikasha cha chuma na kuvaliwa shingoni. Na tarehe 16 Machi 1922, watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kudai Harry Thuku afunguliwe walipigwa risasi, wakafa wengi.

Amri hizo hazikuandikwa kwa mkono wa Lloyd George. Ziliandikwa Nairobi na kukubaliwa London. Lakini mkubwa wa Serikali siku zile alikuwa ni yeye, na wahenga walisema cheo ni dhamana. Nami nikifikiri juu ya jambo hili, kinachonijia si hesabu ya mashamba, bali ni zile shingo mbili. Mtoto wa Welisi alivikwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yake. Mtu mzima wa Kenya alivikwa kipande shingoni kwa kosa la kutafuta kazi katika nchi yake. Nchi iliyokijua kibao ilimzaa mtu aliyekuwa mkubwa wakati wa kipande, na hatusomi popote kwamba alivifananisha vitu hivyo viwili.

Yako na makosa mengine. Watu wake waliuza vyeo vya heshima kwa matajiri ili wapate fedha za chama, na aibu hiyo ilileta sheria ya kukataza biashara hiyo mwaka 1925. Zile kodi za ardhi alizozipigania mwaka 1909 zilifutwa na serikali yake mwenyewe mwaka 1920. Kwa Margaret hakuwa mwaminifu. Mwaka 1936 alikwenda Ujerumani kumtembelea Hitler, akarudi akamsifu gazetini. Naye hakuwa mtoto, alikuwa mzee wa miaka 73. Mpanda ngazi hushuka. Baada ya Oktoba 1922 hakupata tena wizara yoyote.

JIWE LISILO NA JINA

Mwaka 1944 alirudi kuishi Llanystumdwy, akafa huko tarehe 26 Machi 1945. Hakuzikwa London pamoja na wakubwa, wala hakuzikwa katika uwanja wa kanisa. Alikuwa amechagua mahali kando ya mto Dwyfor, ambapo tangu utoto alizoea kukaa juu ya jiwe kubwa. Akazikwa hapo chini ya jiwe hilo hilo, mwendo mfupi kutoka karakana ya mjomba.

Na lugha yake je? Mwaka 1942 sheria ilianza kuwaruhusu Wawelisi wasiojua Kiingereza vizuri kusema lugha yao mahakamani. Mwaka 1967 sheria nyingine iliipa nguvu zaidi, na mwaka 2011 Kiwelisi kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya Welisi. Vile vibao vya shingoni leo vimewekwa katika nyumba za kumbukumbu, watoto huonyeshwa kama tunavyoonyeshwa pingu za watumwa.

Nilianza kwa kuuliza kama mwenye lugha mbili ni tajiri au ni mgeni. Nafikiri maisha ya Bwana Lloyd George yametoa jibu. Lugha ya mama yake haikumzuia kupanda; ndiyo iliyompa miguu ya kupandia. Wazazi wanaodhani kwamba mtoto lazima asahau lugha ya nyumbani ndipo ajue lugha ya ofisini wamfikirie mshona viatu yule. Alimfundisha mpwa wake Kifaransa kwa kumweleza kila neno katika Kiwelisi.

Lakini maisha yake yanatufunza na jambo la pili, nalo ni gumu zaidi. Kuonewa utotoni hakumfundishi mtu moja kwa moja kutoonea ukubwani. Somo hilo lataka kurudiwa, usiku baada ya usiku, kama kile Kifaransa cha karakanani. Kila mmoja wetu aliyepata elimu kidogo ana mtu aliye chini yake, awe karani mdogo, au mtumishi wa nyumbani, au mzee wa kijijini anayekuja dirishani na barua asiyoweza kuisoma. Siku mzee huyo atakaposimama mbele yako akitafuta maneno, tafadhali ikumbuke shingo yako.